Kupanda Kabla ya Kujua: Tawakali ya Watu wa Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda kaskazini, akiisha kuiacha nyuma minazi na harufu ya bahari, hupita kwa muda mrefu katika nchi kavu ya vichaka na miiba, mahali ambapo macho hayaoni dalili ya maji, mpaka anapoikaribia Garsen na kukuta, kana kwamba amevuka mpaka wa dunia nyingine, migomba, miembe mikubwa na nyasi mbichi zilizotandaa hadi upeo wa macho. Neema yote hiyo ni kazi ya Mto Tana, ambao hapo umekwisha kuimaliza sehemu kubwa ya safari yake ya takriban kilomita 1,000 tangu ulipotoka katika baridi ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukapita Garissa na Hola, nao sasa umebakiza mwendo mfupi wa kufika Kipini na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana.

Mtu akisimama kando ya mto huo wakati wa kiangazi huona maji ya rangi ya udongo yakijikokota kwa utulivu baina ya kingo zake, wanawake wakichota, ng'ombe wakinywa, na mitumbwi ikivuka bila wasiwasi. Lakini akirudi mahali pale pale baada ya masika yaliyozidi kiasi, huenda asitambue mto ulipo na nchi kavu ilipo, kwa kuwa vyote viwili vimekuwa kitu kimoja, na barabara ya kwenda Lamu, iliyokuwa ikipitwa na mabasi, imefunikwa na maji mahali pa Gamba. Baina ya hali hizo mbili ndipo watu wa Tana wanapoishi, na ndipo walipolazimika, kizazi baada ya kizazi, kulijibu kwa mikono yao swali ambalo aghalabu sisi wengine hulijibu kwa midomo tu: mja amtegemeaye Mola wake afanye nini, ilhali ya kesho yamo katika ghaibu?

Swali hili si la wakulima na wafugaji peke yao. Hulijua mzazi aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili alipe karo ya mtoto ambaye hajui kama atapata kazi; hulijua mgonjwa anayengoja majibu ya daktari; hulijua kijana aliyefungua duka dogo kwa fedha ya kukopa; na hulijua kila mtu aliyewahi kulala macho usiku akiihesabu miezi ijayo na kuona kwamba hesabu haikubali. Nimewachukua watu wa Tana kuwa mfano kwa sababu kwao swali hili haliji mara moja katika umri wa mtu, bali huja mara mbili kila mwaka, pamoja na mvua.

Mto usioweka ahadi

Kwa desturi yake Mto Tana hufurika baada ya mvua za masika, kuanzia Aprili au Mei, na tena baada ya vuli, katika Novemba na Desemba. Ajabu yake ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haitokani na mvua ya Garsen, ambayo ni haba, bali hutoka mbali, milimani, hata mkulima wa kijiji cha Ngao au cha Oda huletewa neema au msiba na mawingu ambayo macho yake hayakuyaona. Wapokomo, ambao ndio wakulima wa kale wa kingo hizi, walijifunza kuishi na tabia hiyo: vijiji wakavijenga penye kingo zilizoinuka, mahindi na ndizi wakazipanda penye unyevu uliobaki maji yakiisha kushuka, na mpunga wakauweka ardhini mwanzo wa mvua, kabla mto haujapanda, kwa matarajio kwamba maji hayatakuja mapema mno yakauzamisha ungali mchanga, wala hayatachelewa mno ukakauka. Huko chini, upande wa Mto Ozi, wako wakulima ambao mpunga wao hunyweshwa na bahari yenyewe kwa njia ya ajabu, kwani bamvua ijapo huyasukuma maji matamu ya mto yakapanda mashambani. Lakini mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi huingia mahali pa yale matamu, na shamba lililokuwa riziki likawa jangwa.

Waorma nao, ambao ni wafugaji, huyafuata malisho ya bara wakati wa mvua, kisha kiangazi kikizidi ukali huirudisha mifugo yao mtoni na katika nyasi za delta, wakipitia njia ziitwazo malka, ambazo kazi yake ni kumfikisha mnyama majini pasipo kukanyaga shamba la mtu. Mfugaji akiondoka mtoni kwenda bara hajui kama mvua itamtangulia au itamkimbia, na akirejea hajui atakuta nini; hata hivyo huondoka, na hurejea, kwa kuwa kukaa mahali pamoja ni kuichagua njaa kwa hiari.

Wala mto huu hauushiki mkondo wake wenyewe kwa uaminifu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, wa kuunganisha Tana na Mto Ozi ili mitumbwi ipite, na baada ya muda mto ulikubali mwaliko huo kuliko ilivyotazamiwa, ukaufuata mfereji na kuufanya kuwa njia yake, hata leo Tana humwagika baharini kwa mlango wa Ozi pale Kipini. Huko Hola, mradi wa kilimo cha umwagiliaji ulioanzishwa mwaka 1953 uliwalisha watu kwa zaidi ya miaka 30, kisha mwaka 1989 mto ukapahama mahali maji yake yalipokuwa yakivutwa, na mashamba yakalala makavu kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Yalijengwa mabwawa ya umeme huko juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na huenda mtu akadhani kwamba mto umekwisha kutiwa lijamu. Lakini mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilipokuja, zilipasua matuta ya mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa katika delta na Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, kazi ya miaka ikaenda na maji.

Miaka ya karibuni imezidi kuwa na mkanganyiko. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kando ya barabara na visima vikakauka. Kisha katika Novemba 2023, watu walipokuwa bado wanaomboleza mifugo iliyokufa kwa kiu, yakaja mafuriko yakazichukua nyumba, na kabla matope hayajakauka yakaja mengine katika Aprili na Mei 2024. Mtu yule yule aliyeomba maji akawa sasa anaomba yaondoke. Naye anayetaka ushahidi mkongwe zaidi na aende Ungwana, karibu na Kipini, ambako magofu ya mji wa mawe wenye msikiti wake yamesimama kimya, yakimkumbusha kila mpita njia kwamba wako waliojenga kwa mawe na chokaa wakidhani watadumu, wala hawakudumu.

Mungu awe wakili

Mbele ya hali kama hii, watu wa dini mbili zinazokaa pamoja kando ya Tana, yaani Uislamu, ulioenea kwa Waorma na kwa Wapokomo wa juu, na Ukristo, ulioenea kwa Wapokomo wa chini, hulitamka jambo moja kwa maneno tofauti: wengine husema tawakali, wengine husema kumtegemea Bwana. Neno tawakali tumelipokea kutoka katika lugha ya Kiarabu, nalo limetoka katika shina moja na neno wakili, ambalo kila mtu aliyewahi kufika mahakamani analijua. Anayetawakali humfanya Mwenyezi Mungu kuwa wakili wake. Tuyatazame maneno haya kwa makini, maana yamebeba elimu. Mtu mwenye kesi, hata akimpata wakili aliye bora kuliko mawakili wote, hakai nyumbani siku ya kusikilizwa. Huleta hati zake, huwaita mashahidi wake, na akiulizwa husema kweli. Kilichomwondokea si kazi, bali ni hofu ya kuwa peke yake mbele ya hakimu.

Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Jibu hili lilitolewa kwa mtu wa mifugo, nalo mfugaji wa Tana hulielewa pasipo kufafanuliwa, kwa kuwa ajua kwamba kamba haimlindi ngamia na simba, wala na radi, wala na kiangazi. Kamba hufanya lile lililo katika uwezo wa mkono wa mwanadamu, na yaliyosalia humngoja Yeye ambaye mkono wake haufungwi.

Mfano mwingine, ambao Kurani na Biblia zote mbili zimeuhifadhi, ni wa Nabii Yusufu katika nchi ya Misri. Alijulishwa kwamba ingekuja miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa, na mtu wa imani haba angalidhani kwamba aliyefunuliwa siri kama hiyo na Mungu hana haja ya kufanya lolote; bali yeye aliamuru nafaka ivunwe na kuwekwa akiba, na kwa ghala zile wakapona si Wamisri tu, bali hata ndugu zake waliomuuza. Hapa pana tofauti moja ya kukumbukwa: Yusufu alikuwa na hesabu ya miaka, nasi hatuna. Walakini kazi aliyoifanya yeye kwa kujua ndiyo tunayotakiwa kuifanya sisi kwa kutojua. Na kama ghala ilimfaa mwenye hesabu, je, haitamfaa zaidi asiye na hesabu?

Wahenga wa pwani walisema kwamba jitihada haiondoi kudura. Msemo huu hutumiwa mara nyingi na mtu aliyekunja mikono, akitaka kumwonyesha jirani yake kwamba kazi ni bure, ikiwa yote yamekwisha kuandikwa. Mimi nauona vingine. Msemo haukusema kwamba kudura imeiondoa jitihada. Umesema tu kwamba jitihada haina mamlaka juu ya kudura, na hilo ni neno la kumfariji mtu aliyefanya kazi akashindwa, si la kumpa ruhusa mtu ambaye hakufanya kazi kabisa. Mkulima aliyepanda, akapalilia, akalinda ndege, kisha mafuriko yakaja yakachukua, ndiye mwenye haki ya kuusema msemo huu na kulala usingizi. Aliyeiacha mbegu ghalani ikaliwa na panya hana haki hiyo.

Yako makosa mawili yanayovaa nguo ya imani au nguo ya akili, na yote mawili yameonekana kando ya Tana. La kwanza ni la yule ambaye Idara ya Hali ya Hewa imemtangazia mvua kubwa, na kutoka juu imetangazwa kwamba bwawa la Masinga limejaa na maji yanashuka, na wenzake wamekwisha kuchukua watoto na mikeka wakapanda mahali pa juu, naye amebaki bondeni akisema kwamba Mungu atamlinda. Hafikiri kwamba tangazo lile, na mtumbwi wa jirani, na kijana wa Msalaba Mwekundu aliyefika na mashua, huenda ndio ulinzi wenyewe aliokuwa akiuomba. La pili ni la yule ambaye, kwa kuwa ana ramani, mashine na saruji, hujiona kwamba amekwisha kuijua kesho, asiache nafasi ya kukosea wala asiwaulize wazee walioutazama mto huo kwa miaka 60. Wa kwanza humwachia Mungu kazi yake mwenyewe. Wa pili hujitwalia kazi ya Mungu. Tawakali iliyo sahihi hupita katikati: hufanya kazi yote ya mja, kisha husimama kwa adabu mahali kazi hiyo inapokoma.

Mche wa mwembe na shamba la Anathothi

Watu wa Tana hupanda miembe. Mkulima wa mahindi akikosea msimu hupoteza msimu, lakini mpanda mwembe kutoka katika kokwa huweka amana ya miaka, na mara nyingi kivuli chake na wingi wa matunda yake huwa ni fungu la wajukuu. Tuzingatie maana ya tendo hilo katika nchi ambayo mto waweza kuhama. Anayechimba shimo na kuuweka mche hapo hasemi kwamba ana yakini ya mambo yajayo. Asema kwamba kutojua kwake hakumwondolei wajibu wa leo. Ipo Hadithi ya Mtume isemayo kwa maana yake kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, basi aupande. Sijui kama kuna fundisho lililo kali zaidi ya hilo juu ya matendo na matokeo, kwa sababu mche wa siku hiyo hautaliwa matunda yake na mtu yeyote, na bado kuupanda ni ibada.

Ndugu zetu Wakristo nao wana habari iliyo jirani ya hiyo katika kitabu cha Nabii Yeremia. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli, na nabii mwenyewe, aliyekuwa amefungwa katika ukumbi wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utaanguka, alijiwa na binamu yake aliyetaka kumuuzia shamba huko Anathothi. Mtu wa akili ya sokoni angalicheka, maana ni nani anunuaye ardhi ambayo adui amekwisha kuikanyaga? Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati mbele ya mashahidi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi, kwa kuwa aliamini kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Angalia kwamba hakuudanganya umma kuwa mji utaokoka. Alisema kweli juu ya msiba uliokuwa karibu, na papo hapo akatoa fedha yake kwa ajili ya siku zilizo nyuma ya msiba huo. Kukiri hatari na kutenda kwa matumaini, vyote viwili kwa mkono mmoja, ndiyo alama ya imani iliyokomaa.

Katika bonde lenyewe la Tana zimo athari za ushupavu wa namna hiyo. Katika kijiji cha Golbanti palikuwa na misheni ya Wamethodisti ambayo mwaka 1886 ilishambuliwa, na mchungaji John Houghton akauawa pamoja na mkewe na watu wengine. Mtu angalitazamia kwamba kuanzia hapo hakuna atakayekaribia mahali hapo. Lakini mwaka uliofuata, 1887, wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao, wakakaa, wakajifunza Kipokomo, na kutoka katika makazi yale yakatokea mafundisho, maandiko na matibabu ambayo jina la Ngao linakumbukwa kwayo hata leo. Si lazima mtu awe wa dini yao ili aone kwamba waliotia mguu Ngao walikuwa wanajua habari ya Golbanti, na wakaenda.

Imani, amana na amani

Nimezungumza juu ya maji kana kwamba maji ndiyo hofu kubwa ya bonde hili, lakini mtu wa Garsen atakayesoma maneno haya atajua kwamba bado sijaitaja ile iliyokuwa nzito kuliko zote. Mto ukihama, mtu hulia, lakini haulaumu moyo wa mto. Katika mwaka 2012 hofu ilikuja kwa njia nyingine. Ugomvi wa zamani baina ya mkulima na mfugaji, juu ya malisho, mashamba na malka za kufikia maji, uligeuka kuwa mauaji: tarehe 22 Agosti katika kijiji cha Riketa waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, katika Septemba zikafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na mwezi Desemba ikafuata Kipao. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika miezi hiyo, vijiji vikateketezwa, na maelfu wakakimbia, Mpokomo akimkimbia Muorma na Muorma akimkimbia Mpokomo, hali jana yake walikuwa wakibadilishana maziwa na mahindi.

Hapo ndipo tunapoulizwa swali la tawakali kwa ukali wake wote. Kumtegemea Mungu juu ya mvua si kazi ngumu sana, kwa kuwa mvua haina nia mbaya. Lakini mtu atawezaje kulala penye jirani ambaye jana alikuja na moto? Hakuna kamba ya kufungia ngamia wa namna hii. Na hapa lugha yetu yatufundisha jambo ambalo twalitamka kila siku pasipo kulisikia. Imani, amana, amani, kuamini na uaminifu ni maneno ya shina moja, yaliyotufikia kutoka katika Kiarabu kama watoto wa mama mmoja. Imani ni yale tuliyo nayo kwa Mungu. Amana ni kitu ambacho jirani amekiweka mikononi mwetu. Uaminifu ni kukirudisha kikiwa kizima. Na amani ndiyo hewa inayovutwa na watu ambao hayo matatu yamo kwao. Basi mtu asemaye kwamba ana imani kwa Mola asiyemwona, ilhali amekula amana ya jirani anayemwona, amelikata neno katikati na kubaki na kipande kisichoota.

Malka ni amana. Mkulima anayeiacha njia ya mifugo wazi, ingawa udongo wake ni mweusi na wenye rutuba, amemwekea mfugaji amana ya maji. Na mfugaji anayemzuia ng'ombe wake asiingie shambani, ingawa ana njaa, amemrudishia mkulima amana ya chakula. Katika zamani za mababu mambo haya yalilindwa na wazee, upande wa Wapokomo kwa baraza liitwalo Gasa, na upande wa Waorma kwa baraza la Matadeda, na pale njia zilipozibwa, au mashamba yalipokanyagwa, walikutana na kusemezana. Baada ya damu ya mwaka 2012 ilibidi kurudia kazi hiyo ya polepole, katika vikao vya chini ya miti, penye wajane na yatima wa pande zote mbili. Na mwaka 2015 ukatolewa mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ya Tana, uliotungwa kwa kuwashirikisha watu wa vijiji, ukionyesha wapi pa kulima, wapi pa kulisha na wapi pa kuhifadhi. Karatasi haizuii mkuki, wala mipango haijawahi kumaliza kila ugomvi, na atakayesema kwamba shaka yote imekwisha atakuwa amesema zaidi ya kweli. Lakini yule mkulima wa kwanza aliyekubali kuifungua tena malka iliyokuwa imezibwa, pasipo kujua ni nani atakayepita humo, na yule mfugaji wa kwanza aliyepitisha ng'ombe wake humo pasipo kujua ni nini kinachomngoja majini, walifanya jambo ambalo halina jina lingine isipokuwa imani. Walipanda kabla ya kujua.

Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapoifundisha tawakali kama siri iliyoko baina ya mtu mmoja na Mola wake, kama kwamba mtu huyo anaishi peke yake kisiwani. Mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 hayakumwuliza mtu kabila lake wala dini yake. Yalimtoa kila mmoja nyumbani kwake na kumpeleka penye mwinuko, na huko alipofika alihitaji kwamba aliyetangulia amsogezee nafasi. Mungu huijibu dua ya mja kwa mkono wa mja mwingine mara nyingi zaidi kuliko tunavyokumbuka kushukuru. Anayetawakali vyema huwa yeye mwenyewe mtu wa kutegemewa, ili mwenzake akiomba usiku, jibu lipate mahali pa kupitia asubuhi.

Wimbo wa mama wa bondeni

Nataka kumaliza kwa jambo ambalo Wakenya wengi huliimba na wachache hulikumbuka lilikotoka. Wakati uhuru ulipokaribia, wanamuziki watano, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuitengenezea nchi wimbo wa taifa. Katika tuni walizozitafuta, iliyochaguliwa haikuwa ya jeshi wala ya ikulu. Ilikuwa ni ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao, waliyopewa na Mzee Meza Galana, mtu wa Mto Tana. Wimbo ule ukaimbwa bendera ilipopandishwa mwaka 1963, na tangu siku ile kila mtoto wa shule katika Kenya, ajuapo au asijuapo, husimama asubuhi na kuimba kwa sauti ya mama wa bondeni.

Ubeti wake wa kwanza ni dua kwa Mwenyezi Mungu. Ubeti wa pili huwaamsha watu wafanye bidii. Na ubeti wa tatu huwataka wajenge taifa lao, waungane mikono kazini na kuwa na shukrani kila siku. Dua, jitihada na ujirani mwema, kwa mpangilio huo huo: yote niliyojaribu kuyaeleza kwa kurasa hizi, mtoto wa Garsen huyaimba kwa muda mfupi kabla ya kuingia darasani. Na chini ya beti hizo tatu imelala ile tuni ya kale, ya mama aliyempakata mwanawe usiku katika nchi ya mafuriko na wanyama wakali, asijue maji yatafika wapi kabla ya alfajiri. Hakumwimbia mtoto kwa sababu alikuwa na hakika ya kesho. Alikuwa amekwisha kuchota maji, kukomea mlango na kuchochea moto, yaani amekwisha kuifanya sehemu yake. Na yaliyosalia aliyakabidhi, kisha akaimba mpaka mtoto akalala.

Masika yajayo, mkulima wa Ngao atatazama upande wa milima asiyoiona, atachukua kapu la mbegu, na kabla mto haujasema neno lolote atainama shambani. Upande wa pili wa shamba lake, kama ameiweka amana vizuri, njia ya ng'ombe itakuwa wazi.